Madumu Manne kwenye Mwamba wa Sangwe

Magoti yangu yalistaafu miaka mitatu kabla yangu. Sikio la kushoto lilitangulia zaidi, siku niliyozama kutafuta nanga ya boti nikapanda juu haraka kama mtu aliyeona jini. Vilivyobaki nimevirudisha nyumbani Matombo. Nakaa barazani kwa dada yangu, natazama watu wakipandisha ndizi na kushusha mafenesi, na kila anayepita ananiuliza bahari ikoje. Najibu ina chumvi. Nimechoka kueleza.

Lakini ninyi walinzi wa bahari mlioko kituoni Sangwe mmenitumia ujumbe mara tatu mkitaka niwaandikie niliyoyapitia, wanaoanza kazi wayasome. Haya. Vyeo sitaviandika. Nilipata viwili, na kimoja kilikuja kwa makosa, barua ilikuwa ya mtu mwingine. Mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika yale ambayo faili za kituo hazina, na moja kati ya hayo halipo kwenye faili kwa sababu mimi mwenyewe sikuliweka.

Mimi si msomi. Shule niliiacha darasa la tano, wala si kwa ukorofi. Lori la ndizi liliharibika mbele ya shule yetu, dereva akataka mtu wa kumshikia spana, na lilipopona nikapanda nione linakokwenda. Tangu siku hiyo sikutulia. Nimepakia kabichi Mgeta, kwenye njia ambazo mtu anateremka kwa makalio. Nimechanganya zege, nimelinda ghala la chumvi, nimeuza machungwa barabarani. Mama alikuwa akisema nina siafu miguuni. Kila mahali nilikaa mpaka nijue kitu kinafanywaje, kisha nikaondoka. Kule kwenye ghala la chumvi nikaanza kujiuliza chumvi yenyewe inatoka wapi, na swali hilo ndilo lililonifikisha pwani, na pwani ikanifikisha Sangwe, nikiwa kibarua wa kubeba saruji ya kujengea kituo chenu hicho hicho mnachokilalamikia kwamba kinavuja.

Kwa wanaoanza, ambao bado hawajakizunguka: kisiwa ni kidogo, ukianza kutembea baada ya chai unakimaliza kabla ya adhuhuri. Kijiji kimoja, msikiti mmoja, visima viwili, kimoja cha kufulia tu. Kinatazamana na mlango wa mto unaoshuka kutoka milima ya kwetu. Upande wa mashariki ndiko kuliko na mwamba wa matumbawe. Siku za kawaida uko chini ya maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari inarudi nyuma mbali sana, mwamba unabaki nje kwa saa chache, na wanawake wanaingia kwa miguu kutafuta pweza.

Bwana Mhina, mkuu wa kituo wa kwanza, mtu wa Tanga mwenye sauti ndogo na faili nene, aliniajiri ili ninyamaze. Nilikuwa nimemuuliza maswali siku nne mfululizo nikiwa na mfuko wa saruji begani.

"Unajua kuogelea?" akaniuliza.

"Hapana."

"Kwenu wapi?"

"Uluguru. Matombo."

Akalikumbatia faili lake. "Ni kweli huko kwenu maboga mnayafunga kamba yasiporomoke?"

"Maboga hapana. Watoto ndio tunawafunga."

Akacheka mpaka faili likaanguka. Kesho yake nikapewa filimbi, viatu vya plastiki na kofia. Kuogelea nilijifunza baadaye, vibaya.

Siku yangu ya kwanza kwenye mwamba nilipelekwa na Bi Tatu. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mwamba, mwanamke mfupi, mkavu, wakati huo wa miaka hamsini na kitu, mwenye kipande cha nondo alichokinoa ncha na kukifunga mpira wa baiskeli kwenye mshikio. Hicho ndicho chombo chao chote. Hakuna cha kisasa kilichokishinda, na nimeona vingi vikiletwa kwenye maboksi.

Nilifanya kosa kabla hata sijalowa magoti. Niliona jiwe, nikalipindua nione kuna nini chini. Kulikuwa na dunia nzima: vitu vyekundu, vya njano, vyenye kutambaa, vyenye kupumua. Nikaita, "Bi Tatu, njoo uone!" Akaja, akanipiga na ubapa wa nondo kwenye shavu la mguu.

"Wewe Mluguru, ukiingia nyumba ya mtu kwenu unaondoka na paa?"

"Samahani, mama. Nilitaka kujua."

"Umeshajua. Lirudishe kama lilivyokuwa, kichwa juu. Likibaki hivyo, jua litawaua wote kabla sijafika pale."

Akanifundisha kutazama bila kushika. Shimo lenye pweza lina magamba ya kaa mlangoni, na vijiwe vimevutwa kuziba, na maji yake ni safi kuliko ya jirani. Akanifundisha pia jambo ambalo sikuliona kubwa siku ile: mashimo yana wenyewe. Haijaandikwa popote. Mama anamwonyesha binti yake, binti anamwonyesha wake, na mwingine akipita hapo anapita tu. Mashimo mengine yana majina. Wanaume hawaonyeshwi, kwa sababu, alisema Bi Tatu, mwanamume akijua shimo leo, kesho mji mzima unalijua.

Kazi yetu walinzi ilikuwa kulinda sehemu iliyofungwa. Mnajua utaratibu, lakini labda hamjui ulikotoka. Wanawake wenyewe walikubaliana kufunga upande mmoja wa mwamba kwa miezi mitatu ili pweza wakue, kisha kuufungua siku moja ya bamvua, wote pamoja. Mwanzoni waligombana kila siku. Huyu anasema jiwe hili liko ndani, yule anasema liko nje. Ndipo wakaja kituoni wakaomba alama, tukaweka madumu manne ya plastiki, ya njano, yaliyofungwa kamba kwenye ndoo za zege. Wakaapa mbele ya kijiji kizima kwamba dumu ndilo shahidi, na ushahidi wake haubishiwi. Atakayekutwa nyuma ya dumu, nondo yake inachukuliwa na kutundikwa kwenye boriti ya banda la kamati mwaka mzima. Bila nondo huingii mwambani. Hakuna faini. Nondo ikining'inia pale, kila mtu anajua ni ya nani.

Nilikaa Sangwe miaka mingi kuliko nilivyokaa popote. Sijui kwa nini siafu walitulia. Labda kwa sababu mwamba kila maji yakipwa ulikuwa na kitu nisichokijua jina. Nilijifunza kufungua kabureta kwa kijiko, kulaza kamba ya kupimia juu ya matumbawe na kuandika kila kilicho chini yake kwa penseli kwenye kibao cha plastiki, kufukuza watu wa kokoro, nyavu za kukokota, bila kupigwa kasia. Nilimzika mke niliyemwoa huko, na sitaandika juu ya hilo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kuna mwaka masika yalinyesha huko kwetu milimani kama yamekasirishwa. Maji ya mto yakaja baharini yakiwa mekundu, na mwamba wote ukafunikwa tope jembamba kama unga. Migomba mizima ilielea mpaka ufukweni, na mizizi yake. Vijana wa kijiji walinifuata kituoni: "Mluguru! Shamba la mjomba wako limefika, njoo ulipokee!" Nilicheka nao. Kisha nikaenda peke yangu nikaushika ule udongo kwenye mizizi, nikanusa. Sijui kama ulikuwa wa Matombo. Ulinukia hivyo.

Mafuriko hayo yaliyaburuta madumu yote manne. Wakati huo sehemu ilikuwa imefungwa na watu wa kokoro walikuwa wananyemelea, kwa hiyo Bwana Mhina akaniambia niyarudishe siku hiyo hiyo. Nilitoka na boti. Ilikuwa siku ya maji mafu, bahari haikupwa vya kutosha, na chini palikuwa pekundu, huoni hata kasia lako. Ningemwita Bi Tatu. Ningesubiri wiki moja bamvua ifike. Sikufanya hivyo. Nilifanya kama tunavyofanya mashambani kwetu: nilisimama kwenye alama ya kwanza niliyoikumbuka, nikalenga mnara wa msikiti, nikageuka nikalenga mti mkubwa wa mvinje ulioko rasini, nikavuta mstari ulionyooka, nikaangusha ndoo nne. Nilijisifu. Mstari ulikuwa mzuri kama uzi wa fundi.

Bamvua iliyofuata nilikuwa ufukweni na darubini. Nikamwona Mwanahawa nyuma ya dumu la tatu, hatua kama arobaini ndani. Mwanahawa alikuwa mpwa wa Bi Tatu, mtoto wa dada yake, mjane, mwenye mikono mirefu na ulimi mrefu zaidi. Alikuwa na binti yake Zuhura, msichana mkubwa aliyekuwa amemaliza shule na sasa anaonyeshwa mashimo. Nikaenda kwa miguu.

"Dada Mwanahawa, umeingia."

"Nimeingia wapi?"

"Sehemu iliyofungwa. Tazama dumu liko nyuma yako."

Akageuka, akalitazama dumu, akanitazama mimi. "Hilo dumu ndilo lililopotea njia. Hapa alitoa pweza bibi yangu, akatoa mama yangu, na leo namwonyesha huyu. Hapajawahi kufungwa hapa."

"Dumu nimeliweka mwenyewe."

"Ndiyo maana."

Zuhura alicheka. Mimi sikucheka. Nilipuliza filimbi.

Jioni kamati ilikaa mchangani mbele ya banda. Wanawake karibu wote walikuwepo, na wanaume wachache nyuma, akiwemo Shomari mwenye kokoro, ambaye kila kikao alihudhuria kama mtu anayesubiri ukuta uanguke. Mwanahawa alisema maneno yake. Wengine walinong'ona kwamba huenda ana haki, lakini tope lilikuwa limefunika mawe, na kila aliyetaja jiwe alibishiwa na jirani yake. Bi Tatu siku hizo magoti yalishamkataa, hakuwa akifika mbali mwambani. Aliniuliza swali moja tu.

"Dumu lilikuwa mbele yake au nyuma yake?"

"Nyuma yake, mama."

"Umeliweka wewe?"

"Mimi."

Akamtazama Mwanahawa. Kisha akasema, "Huyu ni mtoto wa dada yangu. Nikimwacha, kesho nitamfunga mtoto wa nani?" Akaichukua nondo ya Mwanahawa kwa mkono wake mwenyewe, wakaitundika.

Mwanahawa hakulia. Alimwambia shangazi mmoja aliyemshika bega, "Niache, nisije nikakupiga." Wiki haikuisha, akaondoka kisiwani na Zuhura. Alikuwa na ndugu wa mumewe Mikese, kwenye barabara kuu ya Morogoro. Akaenda huko kuuza mayai ya kuchemsha kwa abiria.

Maji yalichukua mwezi na zaidi kuwa safi. Ilipokuja bamvua kubwa nilitembea mpaka kwenye madumu yangu kuangalia kamba kama hazijalika. Ndipo nikaona. Mpaka waliokubaliana wale wanawake haukuwa mstari. Ulikuwa mkondo, mfereji mwembamba wa maji unaopita katikati ya mwamba, na mkondo haunyooki. Pale kwenye dumu la tatu unapinda kuelekea ndani kama kiwiko. Mimi nilikuwa nimekikata kile kiwiko. Mahali aliposimama Mwanahawa palikuwa nje, wazi, pake, hatua nyingi kutoka kwenye mpaka wa kweli. Madumu ya kwanza yalifuata mkondo, na mimi nimeyaona miaka yote hiyo nikidhani yamepinda kwa sababu ya upepo.

Nilikwenda kwa Bwana Mhina. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango.

"Umewaambia wangapi?"

"Wewe."

"Basi idadi imetimia."

"Bwana Mhina, yule mama hakukosa."

"Najua. Na Shomari akijua? Atasema dumu ni la uongo, na kufunga kwenyewe ni uongo. Wiki hiyo hiyo utaona kokoro mwambani. Unataka kumrudishia mmoja mwamba ili wote wakose?"

Niliyasogeza madumu yakafuata mkondo, peke yangu, siku ambayo wanaume walikuwa mazikoni upande wa pili wa kisiwa. Hakuna aliyeuliza. Nadhani wanawake wawili watatu waliona. Waliponisalimia walinitazama sekunde moja zaidi. Nilinyamaza miezi saba. Bwana Mhina hakuwa mtu mbaya, na hoja yake hadi leo siwezi kuipangua kwa maneno. Nawaambia tu kwamba kwa miezi saba sikuwahi kuingia kwenye lile banda bila kuinamisha kichwa, na boriti ile iko juu.

Mwezi wa saba wa ukimya huo nikapewa likizo. Mjomba wangu alikuwa amefariki Matombo. Basi lilisimama Mikese, na wauzaji wakalizunguka na mabeseni. Nikasikia sauti: "Mayai! Mayai ya chumvi!" Nikaijua kabla sijamwona. Niliteremka.

"Shikamoo, mlinzi," akasema kwa dhihaka, maana tulikuwa rika moja. "Huku nako kuna mpaka? Nisogee?"

Nikamwambia yote, hapo hapo, abiria wakipita katikati yetu. Kwamba nililenga msikiti. Kwamba mkondo unapinda. Kwamba nimeyarudisha madumu. Kwamba alikuwa nje. Alisikiliza huku akimmenyea mtu yai. Alipomaliza akajifuta mikono.

"Umeniambia mimi?"

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa sijui?"

Nikaangalia maganda ya mayai chini.

"Kaka Damasi, mimi nilijua siku ile nikiwa nimesimama. Zuhura alijua. Unanipa habari yangu mwenyewe. Nenda kaniseme palepale uliponisemea. Ukishindwa, nunua yai upande gari lako."

Zuhura alikuwa upande wa pili wa basi na beseni lake. Hakuja.

Nilifika Matombo nikazika. Baada ya siku tatu ukoo ukakaa kugawa mashamba ya marehemu. Kwetu shamba linafuata upande wa mama. Ni la lukolo, yaani ukoo wa mama, na mtu hawezi kuliuza wala kufukuzwa juu yake. Mama yangu mkubwa, mama Felista, ambaye alikuwa haoni vizuri lakini alisikia mpaka mawazo, aliniuliza huko pwani nalinda nini hasa.

"Mawe yaliyo chini ya maji, mama."

"Na wanakulipa?"

"Kidogo."

"Hao wanaolipa wana hela za kuchezea. Mbona umekonda?"

Nikamsimulia. Sikupanga. Nilidhani ataniambia ni mambo ya kazi. Alitafuta ncha ya kitenge chake kwa vidole.

"Yale mashimo aliyapata kwa mama yake?"

"Ndiyo."

"Na mama yake kwa mama yake. Ukamtoa." Akatikisa kichwa. "Damasi, hilo hapa hata mlevi halifanyi."

Nilitembea duniani nikiuliza kila kitu, hiki kinafanywaje, kile kinatoka wapi, na jambo nililozaliwa nalo sikulitambua kwa sababu lilikuwa chini ya maji.

Siku ya kufungua mwamba iliangukia wiki niliyorudi. Mnajua inavyokuwa: kisiwa kizima ufukweni tangu alfajiri, wanawake wamejifunga kanga kiunoni, nondo mikononi, wakisubiri mwenyekiti aingie kwanza. Maji yalikuwa yanarudi. Bi Tatu alikuwa ameshikwa mikono huku na huku. Nikasimama mbele yake. Bwana Mhina alikuwa kando. Aliniona nikivua kofia, akafumba macho.

Nilisema kwa sauti kubwa, maana sikio langu moja halinipimii. Nilisema dumu la tatu nililiweka vibaya kwa kutojua. Nilisema Mwanahawa alikuwa nje. Nilisema nilijua kwa miezi saba nikanyamaza, na hapo hakukuwa na kutojua.

Shomari hakupoteza hata pumzi. "Mmesikia? Dumu la uongo! Basi na kufunga ni uongo! Mwamba ni wa wote!" Vijana wake wawili wakaanza kucheka na kusogea kwenye mtumbwi wenye nyavu.

"Shomari," akasema Bi Tatu, bila kumgeukia, "wewe ukikosea kuhesabu rakaa, msikiti unavunjwa?"

Watu wakacheka, lakini si sana. Wote walikuwa wanamtazama yeye. Alitembea mpaka kwenye banda, taratibu, akikataa kushikwa. Akaomba stuli. Aliitungua nondo ya Mwanahawa, akaishika kifuani muda mrefu. Kisha akachukua nondo yake mwenyewe, ile ya mpira wa baiskeli, akaitundika mahali pale pale.

"Mwaka mmoja," akasema. "Sikwenda kutazama. Niliuliza mlinzi badala ya kuuliza mwamba."

Mtu akauliza na Mluguru je, hana nondo. Bi Tatu akasema, "Lete miwani yako." Nikampa miwani yangu ya kuzamia. Ikatundikwa. Mwaka ule nilipika, nilifua matanga ya kituo na kupaka boti rangi mara mbili. Ilistahili mara moja.

Halafu likatokea ambalo mimi sikulitarajia, na nadhani hata Bi Tatu hakulitarajia. Mwanamke mmoja akakaa chini mchangani. Akafuata wa pili. Wakakaa wote, nondo magotini, mwamba ukiwa wazi mbele yao na pweza wa miezi mitatu ndani yake. Hakuna aliyesema neno kubwa. Mmoja alisema tu, "Wa kwanza kuingia leo ni Mwanahawa, naye hayupo." Walikaa mpaka bahari ikaanza kurudi, ikafunika jiwe moja, ikafunika lingine. Shomari alisimama na nyavu zake, akatazama wanawake sitini waliokaa kati yake na maji, akatafuta sababu ya kwenda nyumbani. Siku nzima ya bamvua ilipotea hivyo, na watu walikula muhogo mtupu usiku ule. Nimeona mengi baharini. Hilo ndilo ningependa mlijue.

Nilitumwa mimi kwenda Mikese kumleta Mwanahawa, na nondo yake. Kondakta wa basi alitaka kuiweka kwenye buti, nikakataa.

"Mzee, hii nondo ya ujenzi?"

"Ya pweza."

"Morogoro kuna pweza?"

"Wapo. Wanauza mayai."

Mwanahawa aliipokea, akaipima mkononi, akaangalia ncha. "Imeshika kutu," akasema, na akaingia ndani kufunga mzigo. Zuhura alibaki mlangoni.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Mimi nina wateja wangu hapa. Nimeshazoea." Hakusema kwa hasira. "Mama alikuwa amenionyesha mashimo manane. Nimeshayasahau yote isipokuwa mawili. Nije kufanya nini, baba? Kutembea nyuma yake na ndoo?"

Mwanahawa alirudi peke yake. Bamvua iliyofuata aliingia wa kwanza, wengine nyuma yake, nami nikatazama kutoka jikoni kwa sababu miwani yangu ilikuwa inaning'inia. Kufunga hakukufa. Kokoro halikuingia. Bwana Mhina alihamishwa baadaye kwa sababu nyingine, na siku ya kuaga alinishika mkono akasema, "Bado nadhani ulibahatisha." Huenda. Bi Tatu hakumaliza mwaka wake. Alifariki nondo yake ikiwa juu, na mpaka leo hakuna anayethubutu kuitungua. Ndiyo ile mnayoiulizia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kazi ni mfupi. Madumu wekeni siku ya bamvua, mkiwa na wanawake wawili, na yafuate mkondo hata kama macho yenu yanataka yanyooke. Kamba badilisheni kabla ya masika. Plagi za injini msizianike juani. Mengine mtajifunza kwa kulowa.

Limebaki moja. Wiki yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, Mwanahawa alikuja kituoni maji yakipwa, akaniambia nichukue daftari na penseli. Tulitembea mwambani kwa muda wa saa tatu, yeye na uzee wake, mimi na magoti yangu. Alinionyesha mashimo yake yote. Wanaume hawaonyeshwi, nikamkumbusha. Akasema, "Wewe siku hizi si mwanamume, wewe ni kabati." Niliandika kila shimo: liko hatua ngapi kutoka kwenye mkondo, mlango wake unatazama wapi, jina lake kama lina jina. Yalikuwa thelathini na moja.

"Zuhura akija, mpe," akasema.

"Asipokuja?"

"Asipokuja, pweza watakaa."

Alifariki kabla ya mvua za vuli. Daftari liko kwenye droo ya chini ya meza ya redio, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Msilisome.

Mwezi uliopita simu yangu iliita. Namba sikuijua, nyuma kulikuwa na honi za mabasi. Zuhura hakunisalimia sana. Aliuliza bamvua kubwa ya mwezi ujao ni lini. Nikamtajia siku. Akasema, "Haya," akakata.

Siku hiyo, wenzangu, mtakaokuwa zamu mkiona mwanamke wa makamo msiyemjua amesimama ukingoni mwa mkondo, karibu na dumu la tatu, hajui aanzie wapi, msimpulizie filimbi. Mpelekeeni daftari.